Nani alimuua dereva? Chandler, Marlowe na kifo kisicho na jibu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma The Big Sleep ya Raymond Chandler mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na daftari. Kila aliyekufa nimemwandikia muuaji wake, isipokuwa mmoja: yule dereva aliyekutwa ndani ya gari baharini. Je, kuna ukurasa nilioruka? Na kama mwandishi mwenyewe hakujali kutuambia, kwa nini huyu mpelelezi wake Marlowe husifiwa kiasi hiki? – Zuhura

Jibu: Marahaba, Zuhura. Hujaruka ukurasa. Kabla yako kuna mtu mwingine aliyeshindwa kukijaza kisanduku hicho hicho, naye ni Chandler mwenyewe.

Kisa chake ni hiki. Kampuni ya Warner Bros. ilipokuwa ikitengeneza filamu ya riwaya hiyo, ile iliyotoka mwaka 1946, mwongozaji Howard Hawks na Humphrey Bogart, aliyeigiza nafasi ya Marlowe, walikwama palepale ulipokwama wewe. Dereva Owen Taylor aliuawa, au alijiua? Walioandika mswada wa filamu hawakuwa watu wa mchezo. Mmoja wao ni William Faulkner, ambaye baadaye alitunukiwa Nobel. Nao hawakuwa na la kusema. Ikabidi Chandler apelekewe simu ya maandishi aulizwe. Mwaka 1949 alimsimulia mchapishaji wake wa London mkasa huo kwa barua, akakiri bila haya kwamba hata yeye hakujua.

Wengi wakifika hapo hucheka, mjadala ukaisha. Mimi huwa siridhiki, kwa sababu kitabu hakiko kimya hata kidogo kuhusu kifo kile. Twende tena gatini. (Ambaye hajasoma riwaya aishie hapa, maana sitaficha kitu.)

Buick ya akina Sternwood, familia ya jenerali tajiri aliyemwajiri Marlowe, inavutwa kutoka majini kwenye gati la Lido, Owen yumo ndani, shingo imevunjika. Waliosimama pale wanavutana. Kuna anayesema ni ulevi. Kuna anayesema kajiua, kwa kuwa alama za magurudumu zimenyooka gati zima na ule uzio umegongwa kwa nguvu, moja kwa moja, si kama gari lililoserereka. Askari kanzu mmoja anakataa yote mawili. Magari ya siku zile yalikuwa na kishikizo cha mafuta cha mkononi, dereva akitaka kupumzisha mguu anakishusha na gari linajiendea. Kwenye Buick hiyo kimekutwa kimeshushwa nusu. Na marehemu ana alama ya kupigwa ubavuni mwa kichwa. Huyo askari anasema ukimwuliza yeye, hayo ni mauaji.

Halafu, sura kadhaa mbele, Joe Brody anakiri kwa Marlowe kwamba usiku ule wa mvua alimfuata Owen, akampiga kirungu, akamnyang'anya negativu ya picha ya Carmen Sternwood, binti wa jenerali, akamwacha hapo. Tunajua pia kwamba Owen alimpenda Carmen, kwamba aliwahi kutoroka naye hadi Yuma ili amwoe, na kwamba ndiye aliyemfyatulia risasi Geiger, yule mwenye duka la vitabu aliyekuwa akimpiga binti huyo picha za uchi huku binti mwenyewe amelewa dawa. Basi mtazame kijana huyu saa moja baada ya pale: ameua kwa ajili ya msichana, kisha kile alichoua ili akipate kimeporwa mikononi mwake, kichwa kinamwuma, mvua inanyesha. Kujiua kunaingia akilini. Lakini Brody naye ni tapeli, na neno lake halina uzito. Huenda alimaliza kazi kisha akalielekeza gari baharini, na hicho kishikizo kilichoshushwa nusu ndicho kinachomtilia shaka. Kumwuliza tena haiwezekani, maana muda si mrefu anafungua mlango wake na kupigwa risasi na Carol Lundgren, kijana wa Geiger, aliyeamini kwamba Brody ndiye aliyemuua Geiger. Chandler kamuua shahidi wake wa mwisho. Kwenye nakala yangu, pembeni mwa ukurasa wa gatini, niliandika kwa penseli zamani sana, "kajiua?", na ile alama ya kuuliza sijaifuta.

Kwa hiyo tundu lipo. Swali linalonivutia zaidi ni lilitoka wapi.

Lilitoka kwenye mshono. Riwaya hii haikufumwa, ilishonwa. Kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, Chandler aliandikia majarida ya bei ya chini, yale yaliyochapwa kwa karatasi duni, na hasa moja lililoitwa Black Mask. Alipoketi mwaka 1938 kuandika riwaya yake ya kwanza, alichukua hadithi mbili alizokuwa amekwisha kuziuza, "Killer in the Rain" ya 1935 na "The Curtain" ya 1936, akazipasua na kuziunganisha, akatia na vipande vya kwingineko. Ya kwanza ndiyo yenye mfanyabiashara wa vitabu vya ngono, mvua na picha za Carmen. Ya pili ndiyo yenye jenerali mzee anayeota joto ndani ya nyumba ya vioo, na mkwe aliyetoweka. Hazikuwa na uhusiano wowote. Familia mbili tofauti, kesi mbili tofauti.

Alichokifanya kuziunganisha ni ujanja wa fundi, na mimi hukihesabu kuwa ndilo wazo bora kuliko yote katika kitabu. Katika "The Curtain" aliyeua ni mtoto wa kiume, mjukuu wa jenerali. Katika "Killer in the Rain" Carmen ni binti wa mtu mwingine kabisa, ni mtu wa kuokolewa. Chandler akamwondoa mtoto yule hadithini, akamhamisha Carmen akawa binti wa jenerali, kisha akamkabidhi bastola. Msichana tuliyekuwa tukimwonea huruma nusu ya kwanza ya kitabu ndiye muuaji wa nusu ya pili. Wasomaji wanaolalamika kwamba mwandishi huyu hakujua kupanga njama wamsamehe walau kwa hilo.

Ukishajua, mshono unauona kwa macho. Karibu na katikati ya kitabu, kazi aliyoajiriwa Marlowe inakuwa imekwisha. Geiger kafa, Brody kafa, picha zimepatikana, na jenerali amemtumia hundi ya dola 500. Riwaya ya mtu mwingine ingefungwa hapo. Marlowe anaendelea kumsaka Rusty Regan, mkwe aliyetoweka, ingawa hakuna aliyemwagiza kwa maneno yaliyo wazi. Kila anayekutana naye anamwuliza kama anamtafuta Regan, hadi mwishowe anamtafuta kweli. Owen Taylor alibaki kwenye kitambaa cha kwanza, uzi unaning'inia, na fundi alikuwa na haraka ya kukifikia cha pili. Kitabu kizima aliandika kwa takriban miezi mitatu, kikatoka 1939.

Mwenyewe aliuita mtindo huo kula nyama ya hadithi zake, kama mla watu. Hadithi zilizokwisha kuliwa namna hiyo hakupenda zichapishwe tena. Zilikusanywa kitabuni mwaka 1964, yeye akiwa kaburini miaka mitano.

Usidhani ni uvivu mtupu. Black Mask ilikuwa na imani yake. Mhariri Joseph Shaw, aliyeshika jarida hilo kuanzia 1926 hadi 1936, alilea kundi la waandishi walioamini kwamba tukio moja lenye uhai lina thamani kuliko msuko wote. Chandler aliieleza imani hiyo katika utangulizi alioandika mwaka 1950: msuko mzuri ni ule unaozaa matukio mazuri, na hadithi bora ya siri ni ile ambayo ungeisoma hata kama kurasa za mwisho zimechanwa. Katika utangulizi huohuo akatoa siri nyingine ya jikoni kwao, nusu kwa mzaha: ukikwama, mwingize mlangoni mtu mwenye bastola mkononi.

Sisi tuliolelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na swahiba wake Najum, tumezoea mkataba mwingine. Kule mwandishi anakuahidi kwamba kila kitu kitawekwa mezani mwishoni na kila chembe itahesabiwa. Daftari lako, Zuhura, ni daftari la mkataba huo. Chandler hakuutia sahihi. Mwaka 1944, katika makala yake "The Simple Art of Murder" iliyotoka katika The Atlantic Monthly, aliwasuta wazi waandishi wa Kiingereza wa mauaji ya majumba ya kifahari, ambao maiti kwao ni fumbo la kuchezea baada ya chai. Akamsifu Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kweli wa shirika la Pinkerton, kwa kuwarudishia mauaji watu wanaoua kwa sababu.

Hapo ndipo panapotoka aina hii ya mpelelezi. Wamarekani wanamwita kwa jina la yai lililochemshwa hadi kiini kikakauka, yaani mtu sugu, asiyetokwa na machozi. Sam Spade wa Hammett ni yai hilo hasa. Marlowe, kwa maoni yangu, siye. Ganda lake ni gumu, ulimi wake ni mkali, ila ukimpasua kiini bado kinatiririka, na kazi yote ya ule ulimi ni kuzuia hilo lisionekane. Nadhani ndiyo maana watu wanaompenda Spade humheshimu tu, na wanaompenda Marlowe humwonea uchungu.

Ulimi huo ulipatikana kwa shida. Chandler alizaliwa Chicago mwaka 1888. Baba alikuwa mlevi na aliitelekeza familia. Mama, mzaliwa wa Ireland, akamchukua mtoto hadi Uingereza. Alisoma Dulwich College, London, shule ya Kilatini na Kigiriki, akapata kazi ya serikali katika wizara ya jeshi la majini, akaiacha baada ya muda mfupi, akaandika mashairi ambayo hakuna anayeyasoma leo na hakuna hasara. Aliporudi Marekani mwaka 1912 alikuwa kijana wa Kiingereza kwa kila namna isipokuwa mahali pa kuzaliwa. Baadaye alisema ilimbidi ajifunze Kimarekani kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni.

Hilo lieleweke vizuri, maana siri iko hapo. Mzaliwa wa mahali hasikii lugha yake, anaisema tu. Mgeni anaisikia. Kila neno la mtaani, kila tusi, kila namna ya polisi kukatisha sentensi, Chandler aliyapokea kama mtu anayekusanya kauri ufukweni. Ndiyo maana tashbihi zake zinakushtua: anauona mji kwa jicho la mtu ambaye bado hajauzoea. Yule jitu Moose Malloy anayefungua Farewell, My Lovely kwa suti ya kelele anaonekana mtaani waziwazi kama tarantula, buibui yule mkubwa mwenye manyoya, juu ya kipande cha keki nyeupe. Aliandika kwa taipureta kwenye karatasi alizozikata nusu, mistari michache kila moja, ili ajilazimishe kutia kitu chenye ladha katika kila kijikaratasi. Ukisoma polepole utaona vipimo hivyo. Kila baada ya aya moja au mbili kuna kitu kinang'ara. Mara nyingine kinang'ara kupita kiasi, nakubali.

Na alichelewa. Alipigana Ufaransa katika jeshi la Kanada wakati wa Vita vya Kwanza, akarudi California, akaingia katika biashara ya mafuta akianzia kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni ya Dabney hadi akawa mmoja wa wakuu wake. Mwaka 1932 wakamfukuza. Pombe, utoro, wanawake kazini. Alikuwa na miaka 44, mke aliyemzidi miaka 18, na nchi nzima ilikuwa katika mdodoro wa uchumi. Alichofanya mtu huyo ni kuketi na hadithi ya Erle Stanley Gardner, mwandishi wa majarida yale ya bei ya chini, kuifupisha, kuiandika upya kwa maneno yake, kisha kulinganisha yake na ya mwenyewe aone alipozidiwa. Mwanafunzi mwenye mvi. Hadithi yake ya kwanza ilimchukua miezi 5, ikatoka Black Mask Desemba 1933, ikalipwa dola 180, senti moja kwa neno.

Sasa soma tena mwanzo wa The Big Sleep ukiwa na hayo kichwani. Marlowe amenyoa, amevaa suti ya samawati, hajalewa, na anatutangazia kwamba hajalewa. Anakwenda kuzitembelea dola milioni nne. Ujira wake ni dola 25 kwa siku na gharama, tena siku ya bahati. Dola milioni nne hizo zimetoka ardhini: akina Sternwood wanakaa kilimani, na chini ya kilima, mahali ambapo harufu haiwafikii, ndipo visima vyao vya mafuta vilipo. Mwishoni mwa kitabu maiti ya Regan iko humohumo, ndani ya shimo la mabaki ya mafuta. Mtu aliyekaa miaka kumi katika biashara hiyo na kutolewa mlangoni hakuhitaji kubuni mahali pa kumzika.

Wala hakubuni mji. Mwaka 1938, mwaka ule ule alipokuwa akiandika, wapiga kura wa Los Angeles walimwondoa madarakani meya wao Frank Shaw baada ya kashfa ya rushwa. Katika kashfa hiyo, kapteni mmoja wa polisi alihukumiwa kwa bomu lililolipuka ndani ya gari la mpelelezi Harry Raymond, aliyekuwa akichimbua uchafu wa serikali ya mji. Nje ya Santa Monica, mbali kidogo na mkono wa sheria, zilitia nanga meli za kamari, na watu walipelekwa kwa mashua kucheza usiku kucha. Eddie Mars wa riwaya, mwenye kasino na urafiki na wakubwa, alikuwa habari ya gazeti la asubuhi.

Na kwa kuwa tumelitaja gazeti, hapa ndipo ninapotaka urudi kwa Owen Taylor. Kuna aya ambayo wengi huipita mbio. Brody ameuawa, Lundgren amekamatwa, na Marlowe anasoma magazeti matatu ya asubuhi kuona yameandika nini. Anasema habari zao zilikuwa karibu na ukweli kama sayari ya Mirihi ilivyo karibu na Zohali. Hakuna hata moja lililomhusisha dereva wa lile "gari la kujiua" la gatini na mauaji ya Geiger. Hakuna lililowataja akina Sternwood. Mwendesha mashtaka, polisi na wenye magazeti wameisafisha hadithi hadi ikang'aa, na katika usafi huo Owen kawekewa neno moja, "kajiua", si kwa kuwa kuna aliyechunguza bali kwa kuwa neno hilo halimsumbui mtu yeyote mwenye pesa.

Sisemi Chandler alipanga hivyo. Tundu lilitokana na haraka na mshono mbovu, barua yake mwenyewe inatosha. Ninachosema ni kwamba alikuwa amemuumba msimuliaji ambaye katika mdomo wake hata uzembe unageuka kuwa habari ya mji. Riwaya nzima iko katika nafsi ya kwanza. Hatujui ila anachokijua Marlowe, na Marlowe ni mtu wa dola 25. Katika mji kama ule, dereva wa tajiri akifa, ni nani atakayelipa ajulikane alikufaje? Kitabu cha Kiingereza cha mtindo ule aliousuta kisingestahimili swali hilo. Hiki kinalimeza.

Umeuliza kwa nini Marlowe husifiwa. Kuna watakaokujibu kwa ile sentensi maarufu ya makala ya 1944, kwamba katika mitaa michafu lazima apite mtu asiyekuwa mchafu. Ni sentensi nzuri. Riwaya ni kali kuliko sentensi hiyo. Kumbuka kile kioo cha rangi juu ya mlango wa akina Sternwood: shujaa mwenye deraya anajaribu kumfungua mwanamke aliyefungwa mtini, na anahangaika na kamba bila mafanikio. Marlowe anawaza kwamba akikaa sana katika nyumba ile itabidi apande amsaidie. Baadaye anamkuta Carmen kitandani mwake, uchi, bila kualikwa. Anaugeukia ubao wake wa sataranji, anasogeza farasi, halafu anamrudisha: mchezo huu si wa mashujaa. Hapo Kiswahili kinatuangusha kidogo. Kwa Kiingereza kete ile na yule mpanda farasi wa kwenye kioo wana jina moja, kwetu kete ni farasi tu, mpandaji kaanguka njiani. Mfasiri yeyote wa kitabu hiki atalala macho usiku mmoja kwa ajili ya ukurasa huo.

Kisha tazama anavyomaliza. Ameshajua Carmen ndiye aliyemuua Regan, kwa sababu tu Regan alimkataa, na kwamba dada yake Vivian alifunika. Vivian anamtajia dola 15,000 akidhani ndizo anazozitaka. Hazichukui. Haendi polisi pia. Anamwambia Vivian ampeleke dada yake mahali pa kutibiwa, mbali na bastola, na jenerali afe bila kujua. Hapo anakiri kwamba sasa na yeye ni sehemu ya uchafu ule. Huyo ndiye mtu asiyekuwa mchafu! Amepata jibu la swali kubwa la kitabu na amelizika, ili mzee mmoja afe kwa amani. Sam Spade asingefanya hivyo. Mimi binafsi sina hakika kama alifanya sawa, nimefundisha kitabu hiki miaka mingi na darasa halijawahi kukubaliana.

Jambo moja lazima niseme kabla hujaazima cha pili. Vitabu hivi vina chuki za wakati wake, na si za wahusika waovu peke yao. Namna Geiger na Lundgren wanavyosimuliwa kwa kuwa ni wanaume wanaopendana inachefua, na Marlowe ndiye anayesimulia. Farewell, My Lovely ya 1940 inaanza kwa Malloy kumuua mtu Mweusi, meneja wa baa ya Central Avenue, na Nulty, askari aliyekabidhiwa kesi, analalamika kwamba kifo cha aina hiyo hakimpatii hata mistari gazetini. Chandler anaona uozo wa Nulty na anatuonyesha. Wakati huohuo maneno anayompa Marlowe kuhusu watu Weusi hayana tofauti kubwa na ya Nulty. Yote mawili yamo katika ukurasa mmoja. Usome ukijua hivyo, wala usimkubali anayekwambia ni lugha tu ya enzi.

Cha pili kiwe kipi? Kwa msomaji wa daftari kama wewe, The Lady in the Lake ya 1943. Nacho kilishonwa kutoka hadithi za zamani, lakini safari hii fundi hakuwa na haraka, na naona ndio msuko wake uliobana kuliko yote. Kuna ziwa la milimani, mwanamke aliyezama, mwingine aliyetoweka, na askari wanaolinda bwawa kwa sababu Marekani imeingia vitani. Andika majina ya wanawake wote tangu mwanzo, na mbele ya kila jina andika ni nani aliyesema kwamba alimwona.

The Long Goodbye ya 1953 iache kwanza. Aliiandika huku mkewe Cissy akidhoofika kwa ugonjwa, naye alifariki Desemba 1954. Marlowe wa humo ana miaka 42, amechoka, na kesi yenyewe inaanza kwa yeye kumwonea huruma mlevi asiyemjua. Ina kurasa nyingi zisizo na maiti wala kidokezo, watu wawili wanakunywa tu kwenye baa kabla haijajaa. Utaifurahia zaidi ukishamaliza vinne au vitano vya kabla yake.